Akiba ya Nyumbani ni Katika Kutawakali
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Buyenzi, Bujumbura, katika sherehe ya ukumbusho)

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo. 

Viongozi wa Jumuiya wamenitaka niseme maneno machache katika siku hii ya furaha. Waliosema kabla yangu wamekwisha kutaja misikiti, na madrasa, na kazi njema za wazee waliotutangulia, na hayo yote yastahili kutajwa. Mimi nimeona afadhali niseme juu ya jambo dogo lisilokuwa na mnara wala mapambo, nalo liko jikoni na uvunguni mwa kitanda: akiba ya nyumbani kwa siku ya msiba. Nakusudia siku ya mafuriko, siku ya tetemeko la ardhi, siku ya moto, na hata zile siku za maji ya bomba kukauka na umeme kukatika, ambazo sote twazijua.

Lililonisukuma kuchagua maneno haya ni neno ninalolisikia mara kwa mara katika baraza zetu. Mtu akiambiwa aweke maji na chakula cha siku chache, hujibu akasema, "Riziki iko kwa Mungu, kuweka akiba ni kukosa tawakali." Mwanzo wa neno hili ni kweli, na mwisho wake ni kosa. Na kosa hili si la ulimi tu, kwani siku ya msiba wanaolilipa ni watoto na wazee wa nyumba ile, ambao hawakulisema.

Kwanza tutazame mahali tulipo. Mji wetu umelala baina ya milima na Ziwa Tanganyika. Kutoka milimani hushuka mito: Ntahangwa, Muha, Kanyosha na mingineyo, wakati wa kiangazi mtoto aivuka kwa miguu, na mvua ikinyesha sana milimani huja kwa nguvu, ikila kingo zake na nyumba zilizo juu ya kingo. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 ilinyesha mvua kubwa, na maji na matope na mawe yakashukia mitaa ya kaskazini ya mji. Watu zaidi ya 60 walifariki, na wengi walikuwa wamelala. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, na maelfu ya watu wakahama nyumba zao. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia bandarini na katika nyumba zilizo ukingoni, hata serikali ikaomba msaada.

Wala jambo hili si geni. Kwa mvua nyingi zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961, ziwa lilipanda mpaka likafika kilele chake mwaka 1964, na wazee wetu wakayaona. Ziwa hili hupokea mito mingi, lakini mto unaotoka humo ni mmoja tu, nao ni Lukuga, upande wa Kongo, penye mji wa Kalemie. Basi maji yakiingia mengi hayana njia pana ya kutokea. Huchukua miezi na miaka kushuka. Mwenye kujenga ukingoni na aijue sifa hii ya jirani yake.

Ardhi yetu nayo hutikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 palitokea tetemeko kubwa chini ya Ziwa Tanganyika, na tarehe 3 Februari 2008 jingine likabomoa nyumba na kuua watu upande wa Bukavu na upande wa Rwanda. Ndugu zetu wa Goma waliukimbia moto wa mlima Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, kila mtu akibeba alichokiwahi kwa mkono. Na sisi tarehe 27 Januari 2013 tuliliona soko kuu la mji huu likiteketea, na mali za watu wengi zikawa jivu kabla ya jioni. Siku ile tulifahamu kwamba soko si ghala la nyumba zetu, na yule anayenunua chakula cha leo kwa leo yu mikononi mwa jambo asiloliweza.

Sasa tutazame dini yetu yasemaje. Nabii Yusuf, amani imshukie, alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakuwaambia watu wakae wakiomba tu hata njaa ije. Aliwaambia walime miaka saba kwa bidii, wakile kidogo, na kilichobaki wakiache katika mashuke yake; kisha ije miaka saba ya shida, waile ile akiba, ila sehemu ndogo waihifadhi. Fikirini maneno haya mazito. Kuacha nafaka katika mashuke ni elimu ya kuhifadhi, kwani nafaka iliyopukuchwa huharibika upesi. Na kubakisha sehemu ndogo katikati ya njaa ni kufikiri ya mbegu ya kesho. Haya yalisemwa na Nabii aliyeletewa wahyi, wala hapana awezaye kusema kwamba Yusuf alikosa tawakali.

Na Mtume wetu (S.A.W.) aliulizwa na mtu juu ya ngamia wake, je, amfunge kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na amtegemee Mungu? Akamwamuru amfunge kwanza. Na imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Sayyidna Umar, kwamba Mtume alikuwa akiuza tende za mashamba ya Banu Nadhiri na kuwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Huyu ndiye bora wa waliotawakali, naye aliwawekea jamaa zake akiba. Pamoja na hayo, akiba ile haikuwazuilia maskini kitu, kwani twajua kwamba alifariki hali deraya yake imewekwa rehani kwa shayiri. Aliweka kwa kuwajali wa nyumbani, na alitoa kwa kuwajali wa nje, na hakuna mkono mmoja uliouzuia mwingine.

Sayyidna Umar naye, alipokuwa akienda Sham, alipata habari mahali paitwapo Sargh kwamba kuna tauni huko mbele, akarejea na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Maana ya jibu lake ni kwamba kuondoka katika hatari nako ni kadari ya Mungu, kama mchungaji awapelekavyo wanyama bonde lenye majani akaliacha bonde kavu. Basi anayejaza dumu la maji leo haikimbii kadari. Yumo ndani ya kadari, akitumia akili aliyopewa.

Hapa yatupasa kutofautisha vitu viwili, kwani watu huvichanganya. Kuweka akiba ni halali, na kuhodhi ni haramu. Kuhodhi, ambako wanazuoni wakuita ihtikari, ni kukusanya chakula ambacho watu wanakihitaji, ukakizuia hata bei ipande, ukauza juu ya dhiki yao. Na Mtume amemwita mwenye kufanya hivyo mkosaji. Kuweka akiba ni kuchukua kiasi cha watu wako, siku ambayo sokoni kumejaa. Yusuf aliweka miaka ya neema, hakungoja miaka ya njaa. Anayengoja mpaka mvua ivunje madaraja ndipo aende kununua magunia, huyo huwanyang'anya wenzake. Bali aliyeweka kidogo kidogo wakati wa wingi, siku ya dhiki hukaa kwake, akamwachia sokoni yule asiyekuwa na kitu. Kwa hivyo akiba ya mwenye nacho ni sadaka kwa asiye nacho, hata kabla hajatoa chochote.

Baada ya kuyajua hayo, mtu atauliza: niweke nini, na nitapata wapi? Nitasema kwa taratibu.

La kwanza ni maji, kwani mtu hustahimili njaa siku nyingi, lakini kiu haimpi siku nyingi. Kadiri ndogo ya mtu mmoja ni lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia na usafi mdogo. Basi kanuni nyepesi ni hii: kila mtu wa nyumba na awe na dumu lake moja la lita 20. Dumu hilo ni siku 5. Nyumba ya watu 6 iwe na madumu 6, yenye vifuniko, mahali penye kivuli, juu ya ubao na si juu ya ardhi. Kila Ijumaa tumieni dumu lililokaa zaidi, kisha lioshwe na kujazwa upya. Kwa hivyo hapana maji yatakayokaa zaidi ya wiki 6. Tena angalieni sana: dumu lililochukua petroli au dawa ya shambani halifai kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi.

Maji ya mafuriko yasinywewe wala yasioshee chombo, kwani hupita katika vyoo na kuchanganyika na uchafu wake, na kipindupindu hutoka humo. Maji yenye shaka yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe hata yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima, yakafunikwa. Asiye na kuni na atumie klorini ya maji ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya 5 au 6 kwa mia: matone 2 kwa kila lita, au matone 4 kama maji yana ukungu, yakorogwe, kisha yangojwe nusu saa. Na asiye na kuni wala klorini, ajaze maji maangavu katika chupa za plastiki zinazopenya mwanga, azilaze juani saa 6. Na kukiwa na mawingu, siku 2.

Mtasema, na udhu je? Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haizidi kama robo tatu ya lita, na akikoga kwa pishi moja hivi, yaani mudi nne au tano. Sisi tukifungua bomba twamwaga ndoo nzima kwa udhu mmoja, na huo ni ubadhirifu hata siku ya wingi. Na ikiwa maji mliyo nayo hayatoshi ila kunywa, basi yawekwe yanywewe, na mtayamamu. Wanazuoni wamekubaliana juu ya hili, na mtu asione vibaya kwa ruhusa aliyopewa na Mola wake. Walakini katika madhehebu ya Imam Shafi tayamamu yataka udongo safi wenye vumbi, na siku ya mafuriko vumbi utalipata wapi? Basi wekeni kopo moja la udongo mkavu, safi, lenye kifuniko, pamoja na akiba yenu. Ni kitu kisichokuwa na bei, na chaweza kuihifadhi sala yako.

La pili ni chakula. Kadiri inayotolewa kwa kawaida kwa watu waliopatwa na maafa ni kama gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, na gramu 60 za maharage, na mafuta na chumvi kidogo. Kwa wiki moja ni karibu kilo 3 za unga au mchele kwa mtu, na nusu kilo ya maharage. Nyumba ya watu 6 yataka kilo 18 za nafaka, kilo 3 za maharage, lita 1 na kitu ya mafuta, na chumvi na sukari. Ongezeni ndagala wakavu waliokaushwa vizuri juani, na tende, na karanga, kwa sababu vitu hivi huliwa hata moto usipowaka. Nafaka iwe kavu kabisa, katika chombo kinachofungwa, mbali na ukuta wenye unyevu. Unga uliofikiwa na maji ya mafuriko utupwe, wala mama asiuhurumie.

Najua wako watu hapa wasioweza kununua kilo 18 kwa mara moja. Nao nawaambia, haba na haba hujaza kibaba. Kila siku kabla ya kupika, mama na aondoe gramu 100 katika chakula cha nyumba nzima, yaani gao moja au mawili, azitie katika chombo cha akiba. Mwezi ukiisha amepata kilo 3, nacho ni chakula cha mtu mmoja kwa wiki. Miezi 6 ikiisha, nyumba ya watu 6 imetimia. Baada ya hapo ale cha zamani na aweke kipya, isioze. Na chakula hiki cha nyumbani hakina zaka, kwa kuwa si bidhaa ya biashara; lakini jirani mwenye njaa ana haki humo, nami nitalirudia jambo hili.

La tatu ni moto na mwanga, na hapa nasema kwa kutahadharisha kuliko kushauri. Makaa ya kutosha wiki moja yawekwe pakavu. Maharage yalowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa, yatakula makaa machache. Lakini mbabula yenye makaa isilazwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku uwe na baridi na mvua kiasi gani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyokuwa na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haisikii, asubuhi hukutwa amekufa na watoto wake. Mashine ya umeme inayotumia petroli hutoa sumu ile ile. Mahali pake ni nje, mbali na madirisha.

Tena, kwa upungufu wa petroli tuliouona katika miaka hii, wako watu waliojizoeza kuweka madumu ya petroli ndani ya nyumba, tena karibu na jiko. Hiyo si akiba, hiyo ni maangamizi. Mvuke wake hutambaa chini chini hata uufikie moto ulio mbali nao, na nyumba zetu zimebanana. Mtume wetu ametuhimiza tufunike vyombo, tufunge vinywa vya viriba, tufunge milango na tuzime taa kabla ya kulala, akahofia panya asije akauvuta utambi akaichoma nyumba juu ya wenyewe. Na ilipoungua nyumba moja Madina usiku na watu wamo ndani, aliwaambia masahaba kwamba moto ni adui yao, wauzime walalapo. Basi mshumaa usiachwe ukiwaka mtu akalala. Afadhali tochi, au taa ndogo inayotiwa nguvu na jua, iwekwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, hata mtoto, aweze kuifikia gizani. Iwepo na redio ya betri ya kusikiliza habari. Simu nazo zitiwe chaji kila wakati umeme ukiwapo.

Na umeme ukikatika, ng'oeni waya wa jokofu na wa televisheni, kwani ukirudi kwa ghafula huviunguza. Na maji yakianza kuelekea nyumbani, zimeni swichi kubwa kabla hayajaingia. Yakiisha kuingia msiiguse hali mmesimama majini.

La nne ni dawa. Mwenye maradhi ya sukari, au ya shinikizo la damu, au pumu, asingoje kidonge cha mwisho ndipo aende dukani. Na awe na cha siku 7 zaidi. Anayetumia insulini amwulize mwenye duka la dawa juu ya kuihifadhi umeme unapokosekana. Chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hukaa kama wiki 4 nje ya jokofu, mahali pa baridi pasipofikiwa na jua. Kila nyumba iwe na sabuni, vitambaa safi, na dawa ya vidonda. Akina mama wasisahau vitambaa vyao na vya watoto wachanga. Na kila mama, na kila baba pia, ahifadhi moyoni dawa ya mwenye kuharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo wakati mnampeleka kwa daktari, kwani kipindupindu huua kwa kukausha maji ya mwili, na huua upesi.

La tano ni mkoba. Tafuteni mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mtie vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, hati za kiwanja, karatasi za hospitali, wasia kama umeandikwa, hati za madeni mnayodai na mnayodaiwa, na fedha kidogo. Jambo la madeni si dogo. Mtu akifa na hati imechukuliwa na maji, haki ya watu yapotea naye. Mfuko huo utundikwe mahali pa juu karibu na mlango, kila mtu mzima aujue. Vitu vizito visiwekwe juu ya vitanda, kwa ajili ya tetemeko. Tena nyumba ipatane mahali pawili pa kukutana, pamoja karibu na pa pili mbali, ili mtoto aliyepotezana na wenziwe ajue aende wapi.

Usiku wa msiba wenyewe utakapokuja, Mungu atuepushe, kumbukeni kwamba roho yatangulia mali. Anayekaa ukingoni mwa mto na asingoje kuyaona maji mlangoni. Mvua ikipiga sana milimani aondoke mapema na watoto. Msivuke kwa miguu maji yanayokwenda kwa nguvu, hata yakiwa ya magotini, kwani hukata miguu ya mtu mzima. Wala mtu asihatirishe roho yake kwa kuja msikitini. Ibn Abbas, siku ya mvua na matope, alimwamuru muadhini awaambie watu wasali majumbani kwao, akabainisha kwamba aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume, alifanya hivyo.

Ndugu zangu, sasa narudi kwa jirani, kwa sababu hapo ndipo penye haja yangu kubwa. Mtu anaweza kuyatimiza yote niliyoyataja, akawa na madumu 6 na kilo 18 na mkoba wake, kisha akafunga mlango, na ng'ambo ya ukuta yuko bibi kizee ambaye hana wa kumtekea maji. Huyo ameweka akiba ya tumbo, hakuweka akiba ya akhera. Mtume alimwusia Abu Dharri azidishe maji katika mchuzi wake apate kuwatazama majirani. Na aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari, kwa kuwa chakula kilipowapungukia safarini au mjini, walikusanya kila walicho nacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa. Akasema maneno yenye maana kwamba wao ni wake na yeye ni wao. Hakuna sifa iliyo kubwa kuliko kuhesabiwa na Mtume katika watu wake, na watu hawa waliipata kwa nguo iliyotandikwa chini na chakula kidogo juu yake.

Na katika mwaka wa 18 wa Hijra, ukame ulipoikausha nchi ya Hijazi hata mwaka ukaitwa Mwaka wa Majivu, Sayyidna Umar aliwaandikia wakuu wa nchi nyingine wapeleke chakula, nao wakapeleka. Umar mwenyewe alijizuia samli na nyama mpaka watu wote wapate. Akiba ya nchi nyingine iliwaokoa watu wa Madina. Hivyo ndivyo umma ulivyokuwa mwili mmoja.

Kwa hiyo naiomba Jumuiya yetu, katika siku hii ya ukumbusho, ipokee mambo manne. Kwanza, iandike kwa kila barabara majina ya wajane, wazee wanaokaa peke yao, vipofu, viwete na wagonjwa, na mbele ya kila jina liandikwe jina la kijana wa karibu ambaye kazi yake siku ya msiba ni kwenda kwake kabla ya kwenda kokote. Pili, pawekwe msikitini sanduku lenye kamba, majembe, tochi, mablanketi, klorini, na sanda pamoja na vifaa vya kuoshea maiti; funguo zake zikae kwa watu wawili, wala si kwa mmoja, kwani mmoja aweza kuwa safarini. Tatu, kila mwenye uwezo akiisha kutimiza madumu na nafaka za watu wake, na aongeze fungu la mtu mmoja, alihesabu tangu mwanzo kuwa si lake bali la jirani. Nne, mambo haya yasomeshwe katika madrasa, mtoto ajue kuchemsha maji na kuzima swichi kama ajuavyo nguzo za udhu, na mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika, Jumuiya ipite nyumba kwa nyumba kutazama.

Haya yote hayataki fedha nyingi, yataka nia na kudumu. Wala akiba zetu zikitimia tusije tukajidanganya kwamba tumeokoka kwa madumu yetu. Mwana wa Nabii Nuhu alidhani mlima utamlinda na maji, akagharikishwa. Nuhu naye aliunda safina ubao kwa ubao, huku watu wakimcheka pakavu, kwa kuwa Mola wake alimwamuru kuiunda. Lakini aliyemwokoa ni Mungu, si mbao. Basi sisi tuunde, na tumwombe Mwenyewe atuvushe. Anayeomba bila kuunda, na anayeunda bila kuomba, wote wawili wameacha nusu ya kazi.

Ee Mola wetu, zijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za amani, na mvua zetu ziwe za rehema wala zisiwe za adhabu. Uwarehemu waliochukuliwa na maji na moto na ardhi, na uwape subira waliobaki. Utujaalie tuwe wenye kuwalinda watu wetu na wenye kuwakumbuka majirani zetu. Amin.

Wassalaam Alaikum wa Rahmatullahi wa Barakatuh.